Chanjo ya mabinti zetu: Tunaogopa nini, na nani atatujibu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Aprili 2024 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa dozi moja kwa wasichana wa umri wa miaka 9 hadi 14. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2018, chanjo hiyo ilikuwa ikitolewa kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Shule ninayofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Dar es Salaam ilipeleka barua kwa wazazi kuwajulisha. Chini ya barua kulikuwa na mstari wa mzazi kutia saini.

Siku ya pili yake, baada ya kipindi, akanijia mama mmoja. Ni mama anayeuza vitumbua alfajiri, anamsomesha binti yake kwa jasho hilo. Barua alikuwa ameikunja na kuifunga kwenye ncha ya khanga kama mtu anavyofunga pesa. Akanambia: "Ustadh, mimi kusoma kwenyewe ni kwa taabu. Huko mtaani wanasema sindano hii inafunga kizazi. Wewe ndiye tunayekuamini. Nitie saini au nisitie?"

Nikamjibu: "Mama, Allah ndiye Mjuzi. Fuata moyo wako unavyokutuma."

Akashukuru, akaondoka. Barua haikurudi. Binti yake hakuchanjwa.

Kwa muda nilijipa moyo kuwa nilijibu kwa uchamungu. Ustadh si daktari, nilijisemea, na mwenye kusema asilolijua amejidhulumu. Lakini kuna jambo sikumwambia mama yule, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nitalieleza mbele. Kwanza tuitazame hofu yenyewe.

NANI ANAOGOPA?

Wapo wasomi wetu wanaodhani kuwa kukataa chanjo ni ugonjwa wa watu wasiosoma. Utawasikia wakisema: "Watu wa uswahilini hao, hawaelewi." Madai haya ni mepesi, na ukweli unayakanusha.

Mwaka 2018 taasisi ya Wellcome ya Uingereza iliendesha uchunguzi wa maoni kwa watu zaidi ya 140,000 katika nchi zaidi ya 140. Waliulizwa, pamoja na mengine, kama wanaona chanjo ni salama. Kwa dunia nzima, waliokubali walikuwa asilimia 79. Lakini tazama walivyogawanyika. Asia ya Kusini, kwenye nchi kama Bangladesh, waliokubali walikuwa asilimia 95. Afrika Mashariki, asilimia 92. Ulaya Magharibi, kwenye vyuo vikuu vya karne na karne, asilimia 59 tu! Na Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur mwenyewe aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, mtu mmoja katika kila watatu alisema chanjo si salama.

Basi tuache kusema kuwa hofu hii ni ya maskini na wasiosoma. Tena si ya Waislamu peke yao. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1853 ilipowalazimisha wazazi kuchanja watoto wao dhidi ya ndui, waliobeba mzigo wa faini na vifungo walikuwa ni wafanyakazi na maskini wa mijini. Mwaka 1885 watu kwa maelfu waliandamana katika mji wa Leicester, na mwaka 1898 sheria ikabadilishwa ili mzazi mwenye pingamizi la dhamira aruhusiwe kukataa. Na jirani zetu Kenya, mwaka 2014, waliosimama hadharani kudai kuwa chanjo ya pepopunda inafunga vizazi vya wanawake walikuwa ni maaskofu wa Kanisa Katoliki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliyakanusha madai hayo.

Hata hapo shuleni kwetu nililiona jambo hili kwa macho yangu. Katika kikao cha wazazi, aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa ni baba mmoja mhasibu, mwenye shahada, aliyekuja na klipu kwenye simu yake. Baba mwingine, mtu wa swala tano na mwenye heshima zake, alisema binti yake amelelewa katika stara, hivyo hana haja na kinga ya ugonjwa wa zinaa. Wa tatu alisema hana neno na chanjo, bali hana imani na wanaoileta. Na waliotia saini mwanzo kabisa, bila kuuliza swali hata moja, walikuwa kina mama wawili wa sokoni. Mmoja wao alikuwa amemuuguza dada yake kwa saratani hii mpaka wakamzika.

Hawa wote mtu wa takwimu angewaandika katika safu mbili tu: waliokubali na waliokataa. Lakini je, mhasibu, mchamungu na yule asiyewaamini wakubwa wana maradhi mamoja? La hasha! Mmoja amesoma habari nyingi bila mizani. Wa pili analinda heshima ya nyumba yake. Wa tatu ana kumbukumbu. Na mama wa vitumbua hakukataa chochote. Aliuliza swali akakosa mtu wa kumjibu. Dawa moja haiwezi kuwatibu wote hawa.

HOFU INA KUMBUKUMBU

Nianze na yule mwenye kumbukumbu, kwa sababu Waislamu wengi tumo katika kundi lake.

Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo katika mji wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya Marekani ya Pfizer ilikwenda pale na kuwafanyia watoto wapatao 200 majaribio ya dawa yake iitwayo Trovan. Nusu yao walipewa dawa hiyo na nusu walipewa dawa nyingine iliyokwisha zoeleka. Watoto 11 walikufa, kutoka makundi yote mawili. Wazazi walidai kuwa hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kampuni ilikanusha kufanya kosa, ikisema ni ugonjwa uliowaua, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza kesi na Serikali ya Jimbo la Kano.

Sasa, mwaka 2003, wageni wakaja tena Kano, safari hii na matone ya polio. Viongozi wa dini na wa jimbo wakayakataa wakisema yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Je, tuwalaumu kwa kushuku? Mwenye kuumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ongo, wahenga walisema, na Kano walikuwa na kovu.

Lakini tusiishie hapo, maana wengi wetu huishia hapo. Matone ya polio hayakuwa Trovan. Chanjo ilisimama Kano kwa miezi mingi, na kirusi hakikusimama. Kilitoka kaskazini mwa Nigeria kikasambaa hadi nchi zipatazo 20. Kilifika Sudan, kikafika Yemen, na mwaka 2005 kikafika Indonesia. Waliopooza miguu hawakuwa watoto wa wenye kampuni za dawa. Walikuwa watoto wa Kiislamu, wa Kano kwanza, kisha wa ndugu zao wa mbali.

Na tazama namna mgogoro ule ulivyomalizika. Hawakufokewa tu wakatii. Chanjo ilipimwa, wajumbe wao walishirikishwa katika uchunguzi, na mwaka 2004 wakakubali kutumia chanjo iliyotoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani wakati ule. Walipewa majibu, tena kutoka kwa watu waliowaamini. Agosti 2020 Bara la Afrika lilithibitishwa kuwa limeondokana na kirusi cha asili cha polio, na Nigeria ilikuwa nchi ya mwisho kukamilisha.

Hofu nyingine walituongezea wakubwa wenyewe. Mwaka 2011, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari wa Kipakistani kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad. Lengo halikuwa afya ya watoto. Lengo lilikuwa ni kupata vinasaba vya familia ya Usama bin Laden. Jambo lilipofichuka, wapiganaji wa Taliban wakapiga marufuku chanjo ya polio katika sehemu za Waziristan, na kuanzia Desemba 2012 wachanjaji, wengi wao wanawake maskini wa Kiislamu waliotafuta riziki, wakaanza kupigwa risasi. Ni mwaka 2014 ndipo Ikulu ya Marekani ilipotoa ahadi kuwa CIA haitatumia tena kampeni za chanjo. Sharubati hiyo ya sumu waliikoroga wao, na walioinywa ni watoto wa Pakistan.

Hapa kwetu nako kuna kumbukumbu. Januari 2021 Rais wetu alitwambia hadharani kuwa chanjo za UVIKO-19 zitiliwe shaka. Julai 28, 2021, miezi sita baadaye, Rais aliyemfuatia alichanjwa hadharani na kutuhimiza tuchanje. Sisemi haya kwa kumhukumu yeyote; mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Nasema kwamba mwananchi aliyeambiwa mambo mawili ndani ya mwaka mmoja hatakiwi kuitwa mjinga akiuliza: "La leo tuliamini kwa dalili gani?"

Kwa hiyo nakiri: kutokuamini si dhambi. Anayedai imani kwa watu aliowavunjia amana ndiye mwenye deni.

HOFU HUSAFIRI

Lakini kuna hofu ambayo haikutokana na kovu lolote letu. Ni hofu ya kuazima.

Ndugu zetu wa Kisomali waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani, walifika huko wakiwa watu wa chanjo. Walitoka kwenye nchi ambayo surua huua watoto, na anayeijua surua habishani na sindano yake. Mwaka 2004, watoto wao waliochanjwa surua kwa wakati walikuwa asilimia 92, sawa na watoto wengine na zaidi. Kufika mwaka 2014 walikuwa wameshuka hadi asilimia 42.

Kilitokea nini? Wazazi wale waliona watoto wengi miongoni mwao wana usonji, ugonjwa ambao wengi hawakuwa na jina lake kwa lugha yao. Wakauliza sababu. Hawakupata jibu la kuridhisha kutoka kwa madaktari. Waliopata nafasi ya kuwajibu ni wapinga chanjo, wakiongozwa na Andrew Wakefield, Mwingereza aliyeandika mwaka 1998 makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa kuangalia watoto 12 tu. Makala ile ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi wake akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Hata hivyo alikwenda Minnesota akakaa na wazazi wa Kisomali, akawasikiliza. Mwaka 2017 surua ikapiga. Walioambukizwa walizidi 70, na wengi wao walikuwa ni watoto wa Kisomali wasiochanjwa.

Tuzingatie hapa, ndugu msomaji. Hofu iliyozaliwa kwa wazazi wa Uingereza ilikwenda kuwatia homa watoto wa wakimbizi. Na iliingia kupitia mlango gani? Kupitia swali la mama lililokosa mtu wa kulijibu. Pale mwenye elimu aliponyamaza, aliyesema ni mwingine.

NILICHOMFICHA MAMA YULE

Sasa nirudi kwangu. Barua ile ya shule niliipata na mimi, kama mzazi. Nina binti wa miaka kumi.

Nami niliingiwa na hofu. Klipu ya yule mhasibu nilikuwa nayo kwenye simu yangu pia, nimetumiwa mara tatu katika makundi matatu. Lakini nina shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni muuguzi. Nikampigia simu usiku. Nikamuuliza kila kitu bila kuona haya: inafunga kizazi? Mbona ni wasichana tu? Ndani yake mna nini? Akanijibu kwa nusu saa, tena kwa kunicheka kidogo. Asubuhi nikatia saini. Binti yangu alichanjwa wiki ileile.

Kwa hiyo siku mama wa vitumbua aliponijia na barua yake, mimi nilikuwa nimekwisha amua la kwangu. Nilikuwa na majibu. Nilimwambia afuate moyo wake, hali mimi sikuufuata moyo wangu, niliwafuata wanaojua.

Kwa nini nilinyamaza? Nikiri mbele yenu. Niliogopa maneno ya barazani. Niliogopa kusikia: "Ustadh naye amekula pesa za wazungu." Nikalitumia jina la Allah (SW) kama pazia la kujifichia. Hilo si uchamungu, na namuomba Allah anisamehe.

Tangu siku hiyo naona tofauti baina yangu na mama yule haikuwa katika hofu, maana hofu yetu ilikuwa moja. Wala haikuwa katika akili. Mwanamke anayelisha watoto wanne kwa vitumbua ana akili ya kutosha. Tofauti ni kwamba mimi nina mtu wa kumpigia simu saa nne usiku, yeye hana. Wataalamu wanapogawanya watu kwa kipato, kwa elimu, kwa umri na kwa dini, wakasema kundi hili linasita zaidi ya lile, tuulize pia: katika kundi lile, nani ana shemeji muuguzi?

MAJIBU NILIYOPASWA KUMPA

Niyaweke hapa, kwa kuchelewa, majibu ambayo ningempa.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka nchini Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufa. Saratani hii karibu yote hutokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 yake. Virusi hukaa mwilini kimya, na saratani hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi mama akiwa bado ana watoto wa kulea.

Pili, kufunga kizazi. Shirika la Afya Duniani limelipitia dai hili na halikukuta uthibitisho wake. Na tutumie akili ya kawaida. Australia ilianza chanjo hii mwaka 2007, Uskochi mwaka 2008, Rwanda mwaka 2011, na mabinti wa Rwanda walichanjwa kwa zaidi ya asilimia 90. Mabinti wale leo ni wanawake wazima wenye watoto wao. Huko Uskochi, utafiti uliotolewa Januari 2024 ulitazama wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, na haukumkuta hata mmoja aliyepata saratani hii. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe, maana wengi wanaotibiwa saratani hiyo huondolewa kizazi, au kizazi huharibiwa na mionzi.

Tatu, kwa nini wasichana tu? Kwa sababu wao ndio wanaokufa kwa saratani hii kwa wingi, na nchi yenye fedha chache huanza na mwenye hatari kubwa. Nchi zenye uwezo zinachanja wavulana pia. Australia ilianza kufanya hivyo mwaka 2013. Na huchanjwa wadogo kwa kuwa chanjo hukinga kabla virusi havijaingia. Vikishaingia, haivitoi.

Nne, na hili namwambia yule baba mchamungu kwa heshima zote. Mzee wangu, binti yako ni mwenye stara, na Allah amzidishie. Lakini siku utakapomuozesha, je, unayajua maisha yote ya nyuma ya mume wake? Mume mwenyewe anaweza kuwa ametubu miaka mingi, au alioa kabla akafiwa au akaacha, na virusi anavyo wala hajui. Binti atavipata ndani ya ndoa ya halali, kwa mume aliyemchagulia baba yake. Chanjo hii haimfunguzi mtu mlango wa zinaa. Inamkinga mwanamke msafi na asichokifanya yeye.

Na tano, tusifiche upande wa pili. Sindano huuma, mkono huvimba kidogo, wapo wanaopata homa, na wapo mabinti wanaozimia kwa muda mfupi, ndiyo maana hukalishwa kidogo baada ya kuchomwa. Madhara makubwa yapo kwa nadra sana, kama ilivyo kwa dawa nyingine. Wala chanjo haimuondolei mwanamke haja ya kupimwa atakapokuwa mtu mzima. Atakayewaambia wazazi kuwa hakuna lolote kabisa, huyo anaipunguzia chanjo imani badala ya kuiongezea.

UMAR (RA) ALIULIZA MAKUNDI

Tunajifunza nini kutoka kwa waliotutangulia?

Katika ukhalifa wake Umar bin Khattab (RA) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akapokewa na habari kuwa tauni imeingia Sham. Mapokezi sahihi yanaeleza alivyofanya. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawataka ushauri, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao wakahitilafiana vilevile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Ufunguzi wa Makka, nao wakawa na neno moja: warudi, wasiwaingize watu kwenye maradhi. Umar akaamua kurudi. Abu Ubaida (RA) akapinga, akiona kuwa ni kuikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwa maana kwamba wanatoka katika kadari moja kuelekea kadari nyingine, zote za Allah. Ndipo Abdurrahman bin Auf (RA), ambaye hakuwepo mwanzo, akaja na alichokisikia kwa Mtume (SAW) kuhusu tauni, nacho kikaafikiana na uamuzi wa Umar, naye akamshukuru Allah.

Yamo mafunzo mengi hapa. Maswahaba wenyewe, watu bora wa umma huu, waligawanyika makundi kwa makundi mbele ya maradhi, na Umar hakumwita yeyote mjinga wala mwenye imani dhaifu. Aliwasikiliza kundi baada ya kundi. Lakini vilevile hakusema kila mtu afuate moyo wake! Aliuliza mpaka jambo likabainika, kisha akaamua. Na Abdurrahman, alipokuja na elimu aliyokuwa nayo, hakuizuia kwa kuogopa watasema nini.

Qur'an nayo imetupa mizani mbili. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tunaamrishwa kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutokujua. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wanalaumiwa wale ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirudisha kwa Mtume (SAW) na wenye madaraka, ambapo wenye uwezo wa kuchambua wangeujua ukweli wake. Tazama wasambazaji wa klipu wanavyoingia katika lawama hiyo. Lakini tazama pia: aya inachukulia kuwa wapo wachambuzi, na kwamba watu wanaweza kuwafikia. Wachambuzi wakinyamaza, au wakijificha nyuma ya "Allahu a'lam" hali wanajua pa kuulizia, watu watakwenda wapi?

Mtu ataniuliza: Je, ustadh kusema "sijui" si katika adabu ya elimu? Naam, ni adabu kubwa, na wanazuoni wakubwa waliisema. Lakini "sijui" ya kweli humalizia na "twende kwa anayejua". "Sijui" yangu ilifunga mlango.

Na kuna haki ya tatu, ya asiyekuwepo kwenye mazungumzo yetu yote: binti mwenyewe. Mtoto ni amana. Shaka ni ya baba, kumbukumbu ni ya baba, hasira juu ya Marekani ni ya baba, lakini mwili ni wa binti, na miaka ishirini ijayo ni yake. Mtu mzima akikataa dawa kwa nafsi yake, hiyo ni hesabu yake na Mola wake. Anapokataa kwa ajili ya mtoto, ni wajibu wake akatae kwa ujuzi au akubali kwa ujuzi. Kuiacha barua ikachakaa kwenye pindo la khanga hakumuondolei mzazi, wala ustadh wake, jukumu la kuamua.

TUFANYE NINI?

Kwa wenye mamlaka ya afya nasema: msitutumie barua tu na gari la matangazo. Njooni madrasa baada ya alasiri, njooni kwenye darsa za kina mama, mkae chini, mjibu. Mwanamke muulizaji msimfokee. Mkikosea, semeni mmekosea.

Kwa maimamu na walimu wenzangu: tusijitwike udaktari, lakini tusiwe kuta. Kila msikiti mjini una waumini madaktari, wafamasia na wauguzi wanaoswali safu ya pili wakaondoka kimya. Tuwape kipaza sauti kwa robo saa baada ya swala. Wajue watu kuwa wanaye wa kumpigia simu.

Kwa wazazi: ulizeni, na msione haya. Kuuliza si kukataa. Ila ukiuliza, muulize anayeweza kujibu, na ukijibiwa, amua.

Kabla mwaka ule haujaisha nilimfuata mama wa vitumbua pale anapouzia. Nikamwambia nilikosea, na nikamueleza niliyoyaeleza hapa. Akanisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake. Kisha akauliza: "Wa kwako alichanjwa?"

Nikasema ndiyo.

"Lini?"

Nikamwambia: wiki ileile uliyonijia.

Akanyamaza. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Baadaye akasema: "Basi nipe namba ya huyo shemeji yako."

Nikampa. Walizungumza siku hiyo jioni, na wameendelea kuzungumza. Aliloamua ni lake na binti yake, silitangazi gazetini. Lakini safari hii hakuachwa na moyo wake peke yake.

Allah (SW) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoifikisha elimu kwa wanaoihitaji, awahifadhi mabinti zetu, na awarehemu mama na dada zetu waliotangulia kwa maradhi haya. Amin.

Wabillahi tawfiq.